Wadudu Huchagua Matunda

Huenda umewahi kuokota maembe mawili yaliyoanguka usiku mmoja, kila moja la mti wake, ukayapasua. Moja limejaa funza weupe wanaojipinda ndani ya nyama yake. La pili ni zima, tamu, halina hata funza mmoja. Miti yote miwili imesimama katika shamba moja na kunyeshewa mvua moja. Nzi waliotaga mayai katika embe la kwanza wangeweza kuruka hadi mti wa pili kwa muda mfupi tu. Kwa nini hawakufanya hivyo?

Mkulima anayejibu kwamba ni bahati mbaya tu hana la kufanya ila kungoja msimu ujao. Mkulima anayejua sababu anaweza kuitumia sababu hiyo kuokoa matunda yake. Katika somo hili tutachunguza jambo hili kwa kutumia tunda ambalo wadudu wake wamechunguzwa kwa zaidi ya miaka 150, yaani tufaha.

Kwanza tuelewane juu ya jina. Watu wengi wa Unguja na pwani huita tufaha lile tunda jekundu lenye umbo la kengele, lenye maji mengi na nyama nyeupe. Hilo ni tunda la mti mwingine wa nchi za joto. Tufaha tunalolizungumzia hapa ni tunda la mviringo la nchi za baridi, ambalo asili yake ni milima ya Asia ya Kati. Katika Tanzania hulimwa sehemu za milimani zenye baridi, kama vile Lushoto na Njombe, na mengi yanayouzwa mijini huletwa kutoka Afrika ya Kusini. Kuna maelfu ya aina za matufaha. Mengine ni mekundu, mengine ya kijani au ya manjano. Yako matamu na yako makali. Yako yanayoiva mapema na laini, na yako yanayochelewa na kuwa magumu hata yakaweza kuwekwa ghalani miezi kadhaa.

Kwetu sisi hizo ni tofauti za ladha. Kwa mdudu, tofauti hizo zinaweza kuwa uhai au kifo cha watoto wake.

Nzi aliyehama

Huko Amerika ya Kaskazini yuko nzi mweusi, mdogo kidogo kuliko nzi wa nyumbani, mwenye doa jeupe mgongoni na mistari myeusi katika mabawa yake. Tutamwita nzi wa tufaha. Lakini zamani nzi huyu hakuwa na habari na matufaha. Aliishi kwenye mti wa porini wenye miiba uitwao hothoni, ambao huzaa vitunda vidogo vyekundu. Matufaha yalipelekwa huko na walowezi kutoka Ulaya katika karne ya 17, na kwa muda wa miaka 200 hivi nzi huyu hakuyagusa. Kisha, katika miaka ya 1860, wakulima wa jimbo la New York walianza kukuta funza ndani ya matufaha yao. Mwaka 1867 mtaalamu wa wadudu aliyeitwa Benjamin Walsh aliandika kwamba wadudu hao walitokana na nzi wa hothoni waliobadili chakula.

Tangu wakati huo wako nzi wa namna mbili. Kwa macho huwezi kuwatofautisha. Walakini wataalamu walipowapulizia harufu za matunda, nzi waliozaliwa katika matufaha waliifuata harufu ya tufaha, na wale waliozaliwa katika hothoni waliifuata harufu ya hothoni. Kila mmoja aliipenda harufu ya mti wake, na harufu ya mti wa mwenzake ilimfukuza badala ya kumvuta.

Basi jambo la kwanza linalomwongoza mdudu ni harufu. Nzi akiwa mbali haoni tunda. Upepo humletea harufu ya matunda yanayoiva, naye huruka kuielekea. Akifika karibu, macho huchukua kazi. Hutafuta kitu cha mviringo, chenye rangi nyekundu au nyeusi, kinachoonekana vizuri kati ya majani. Wakulima wamejifunza kumdanganya kwa njia hiyo hiyo. Huchukua mpira wa mti wenye upana wa sentimita 8 hivi, wakaupaka rangi nyekundu, wakaupaka na gundi isiyokauka, kisha wakauning'iniza mtini. Nzi hudhani kwamba ni tufaha kubwa kuliko yote. Hutua, naye hunaswa.

Jambo la pili ni wakati, nalo ni jambo ambalo wanafunzi wengi hulisahau. Ili ulielewe, fuata maisha ya nzi huyu kwa mwaka mzima. Jike hutoboa ganda la tufaha na kutaga yai chini yake. Baada ya kutaga, huburuta ncha ya mkia wake juu ya tunda na kuacha alama yenye harufu, kana kwamba anawaambia majike wengine, "Hapa pamekwisha kuchukuliwa." Yai huanguliwa, na funza hutoboa njia nyembamba za kahawia katika nyama ya tunda. Tunda huanguka. Funza hutoka, huingia katika udongo sentimita chache tu, na kugeuka kuwa pupa. Hukaa hivyo majira yote ya baridi, theluji ikiwa juu yake, mpaka joto linaporudi. Hapo hutoka akiwa nzi kamili.

Nzi kamili huishi wiki chache tu. Akitoka ardhini mapema mno, matunda yatakuwa machanga. Akichelewa, yatakuwa yamekwisha. Hothoni huiva wiki tatu au nne baada ya matufaha. Ndiyo maana nzi wa tufaha hutoka ardhini mapema kuliko ndugu zake wa hothoni. Na katika shamba la matufaha lenyewe, aina zinazoiva wakati nzi ni wengi ndizo zinazopata taabu zaidi.

Jambo la tatu ni tunda lenyewe. Wakulima wa huko wameona tangu zamani kwamba matufaha ya mapema, yaliyo matamu, laini na yenye ganda jembamba, ndiyo yanayoharibiwa vibaya zaidi. Ndani ya tunda laini funza hukua kwa wiki chache na kutoka akiwa amenenepa. Katika tufaha gumu la mwisho wa msimu hukua polepole sana, na wengi hufa wakiwa wadogo.

Hapa yafaa tuwe waangalifu na maneno yetu. Tunaposema mdudu "anapenda" aina fulani, tunaweza kuwa tunachanganya mambo mawili. Jambo moja ni mahali ambapo jike huchagua kutaga. Jambo jingine ni mahali ambapo watoto wake huweza kustawi. Mara nyingi mambo haya huenda pamoja, lakini si kila mara. Nzi wa tufaha huweza kutaga mayai katika tufaha ambalo karibu funza wote watakufa ndani yake. Mkulima akiangalia matundu ya ganda tu, atasema aina hiyo hupendwa sana na nzi. Akipasua matunda baada ya mwezi mmoja, atasema haipendwi kabisa. Ni lazima ajue anahesabu nini.

Tena, tusidhani kwamba aina isiyopendwa haiguswi kamwe. Ng'ombe aliyefungwa mahali penye majani makavu atakula majani makavu. Vivyo hivyo, katika shamba lenye aina moja tu ya matufaha, nzi atataga katika aina hiyo hata kama karibu na aina nyingine angeiacha.

Gharama ya sumu

Mwanafunzi mmoja aliwahi kuuliza swali zuri: ikiwa wadudu hupenda matufaha laini na matamu, kwa nini wakulima wasipande magumu na makali peke yake? Jibu ni kwamba wanunuzi nao wana ladha zao. Mkulima hupanda tunda litakalouzika, na mara nyingi tunda tunalolipenda sisi ndilo linalopendwa na wadudu.

Kwa sababu hiyo wakulima wengi waligeukia sumu. Tangu mwisho wa karne ya 19 hadi miaka ya 1940, wakulima wa Marekani walinyunyizia matufaha yao sumu iliyotengenezwa kwa aseniki na risasi. Adui mkubwa waliyemlenga alikuwa nondo wa tufaha, ambaye kiwavi wake, akitoka tu katika yai, hutafuta tunda kwa kufuata harufu ya ganda lake na kutoboa mpaka kwenye mbegu. Walinyunyiza mara nyingi kwa mwaka, na wadudu walipozidi kuizoea sumu, waliongeza kiasi. Risasi na aseniki haziozi. Wala mvua haiziondoi upesi. Katika jimbo la Washington, penye mashamba makubwa ya matufaha, sumu hiyo imo udongoni hata leo mahali palipokuwa na mashamba ya zamani, na mahali pengine nyumba zimejengwa juu yake na watoto huchezea udongo huo.

Mwandishi wa somo hili hasemi kwamba dawa za wadudu hazifai wakati wowote. Lakini ni vizuri kujua kwamba wakati sumu ile ilipokuwa ikimwagwa, njia nyingine ilikwisha kujulikana kwa mdudu mwingine wa tufaha, nayo ilianza kwa kutazama ni mti gani ambao mdudu ameuacha.

Kidukari mwenye sufi na mti alioukataa

Vidukari ni wadudu wadogo laini wanaofyonza utomvu wa mimea. Bila shaka umewaona kwenye majani ya kunde au ya kabichi. Yuko kidukari mmoja wa mtufaha ambaye hujifunika kwa nyuzi nyeupe za nta, hata tawi lenye vidukari hao huonekana kama limebandikwa sufi. Ukiwaponda vidole vyako hubaki na rangi nyekundu kama damu. Hawali tunda. Hufyonza matawi, na vibaya zaidi, hushuka na kufyonza mizizi. Mahali wanapofyonza huota vinundu, vinundu hupasuka, na mti hudhoofika mwaka baada ya mwaka. Mche mchanga unaweza kufa.

Asili ya kidukari huyu ni Amerika ya Kaskazini. Mwaka 1787 alionekana London, na baadaye akasambaa pamoja na miche karibu kila mahali matufaha yanapolimwa. Majike huzaa bila kuhitaji madume, na huzaa watoto hai badala ya kutaga mayai, hivyo kidukari mmoja aliyejificha katika mzizi wa mche mmoja anatosha kuanzisha ukoo mzima. Katika Australia na New Zealand, katika karne ya 19, aliangamiza miti mingi hata wakulima wakaanza kukata tamaa.

Lakini katikati ya miti iliyojaa sufi walikuta miti isiyo na kitu. Mmoja wa miti hiyo ulikuwa wa aina iitwayo Northern Spy, ambayo iliota katika jimbo la New York karibu na mwaka 1800. Kidukari akiwekwa juu ya mti huu hashiki makao. Huondoka, au hudhoofika na kufa.

Sasa, kumbuka kwamba mtufaha haupandwi kwa mbegu. Ukipanda mbegu ya tufaha tamu, huwezi kujua utapata tunda gani. Wakulima hubebesha: hukata kijiti cha mti wenye matunda mazuri na kukiunganisha na shina la mche mwingine, kama wakulima wetu wanavyobebesha machungwa juu ya mche wa limau. Mti unaopatikana una mizizi ya mti mmoja na matawi ya mti mwingine. Wakulima wa Australia na New Zealand wakaona njia. Waliotesha miche ya Northern Spy kwa ajili ya mizizi yake tu, na juu yake wakabebesha aina yoyote waliyotaka kuuza. Vidukari waliposhuka ardhini hawakupata chakula.

Baadaye wataalamu wa vituo viwili vya Uingereza, East Malling na John Innes cha Merton, walichavusha Northern Spy na mitufaha mingine. Kati ya watoto wa miti hiyo walichagua wale waliorithi sifa ya kukataliwa na kidukari na ambao pia walikuwa na mizizi mizuri. Mwaka 1952 waliwapa wakulima mashina mapya yanayotambulishwa kwa herufi MM na namba. MM 106 na MM 111 hutumika katika nchi nyingi mpaka sasa. Mtu anayekula tufaha huenda anakula tunda lililolelewa na mizizi ya watoto wa Northern Spy, wala hajui.

Mizizi ikawa salama, je, matawi? Matawi yalibaki ya aina ile ile inayopendwa na kidukari. Hapo akatumika mdudu mwingine. Kuna nyigu mwenye urefu wa milimita moja tu, ambaye hutaga yai ndani ya mwili wa kidukari. Mtoto wa nyigu humla kidukari kwa ndani, na kidukari hubaki ganda jeusi lenye tundu la mviringo ambalo nyigu mpya ametokea. Nyigu huyu alipelekwa New Zealand kutoka Marekani mwaka 1921, na vidukari wakapungua sana. Nyigu hawezi kuwafikia vidukari walioko ardhini. Shina la Northern Spy haliwezi kulinda matawi. Kila kimoja hufanya kazi ambayo kingine hakiwezi.

Wala kazi hii haijakwisha. Katika Afrika ya Kusini na Australia wamepatikana vidukari wanaoweza kuishi juu ya Northern Spy. Kati ya mamilioni ya vidukari, wachache huzaliwa na uwezo ambao wenzao hawana, na mahali penye mashina ya namna moja tu, hao wachache ndio watakaozaa. Kwa hiyo wataalamu wanaendelea kutafuta mitufaha mingine ambayo kidukari huikataa. Tazama pia kwamba kubebesha hakusaidii kitu dhidi ya yule nzi tuliyemsoma mwanzoni, kwa sababu yeye hana haja na mizizi. Nzi huyo naye anazidi kusafiri: mwaka 1979 alionekana katika jimbo la Oregon, upande wa pili kabisa wa Marekani.

Maswali

1. Nzi wa tufaha huongozwa na nini anapokuwa mbali na tunda, na anapokuwa karibu?
2. Mkulima ana mitufaha ya aina mbili. Aina moja huiva mapema, nyingine huchelewa. Ameikata yote ya mapema. Je, unadhani nzi wataliacha shamba lake? Eleza.
3. Kwa nini shina la Northern Spy na nyigu yule mdogo hufaa kutumika pamoja?

Kazi ya kufanya

Nzi wa tufaha hayupo Tanzania, lakini nzi wa matunda tunao wengi. Mmoja wao asili yake ni Asia, na alionekana mara ya kwanza Kenya mwaka 2003. Leo huharibu maembe, mapera na matunda mengine katika nchi nyingi za Afrika. Unaweza kuchunguza mwenyewe kama nzi hawa huchagua.

Katika msimu wa maembe, okota maembe kumi yaliyoanguka ya aina moja, kama dodo, na kumi ya aina nyingine, kama bolibo. Yaokote siku moja, katika shamba moja. Kama maembe hayapatikani, tumia mapera meupe na mekundu. Weka mchanga mkavu wenye kina cha vidole vitatu katika debe au ndoo mbili, na panga matunda juu ya mchanga, kila aina katika chombo chake. Funika kila chombo kwa kitambaa chepesi na ukifunge kwa kamba ili nzi wasiingie wala wasitoke. Weka vyombo kivulini, mahali pasipofikiwa na siafu.

Baada ya siku kumi, chekecha mchanga kwa chekeche. Pupa huonekana kama punje ndogo za mchele zenye rangi ya kahawia. Zihesabu, na andika idadi katika daftari lako mbele ya jina la aina ya tunda. Kisha pasua matunda yaliyobaki na uhesabu funza waliokufa ndani, kwa maana hao nao ni habari. Ukimaliza, mwombe mwalimu amwagie pupa na matunda maji yanayochemka, halafu yafukieni kwenye shimo lenye kina cha nusu mita au zaidi. Msiyatupe jalalani, kwani mtakuwa mnawalea nzi wa msimu ujao.

Linganisha hesabu yako na ya wenzako waliookota katika mashamba mengine. Hesabu zikitofautiana, usifute ya kwako. Uliza kila shamba lilikuwa na aina ngapi za miembe, na ipi iliiva kwanza.